Msaada Hauzibi Bahari

Katika mjadala wa uhamiaji ipo kauli moja ambayo hata mahasimu huikubali bila kugombana: wasaidiwe huko huko kwao. Nchini Italia ilianza kama kaulimbiu ya vyama vya mrengo wa kulia, na mwaka 2017 Matteo Renzi, kiongozi wa chama cha upande wa pili, naye akaichukua. Wajerumani huieleza kama mapambano dhidi ya vyanzo vinavyowakimbiza watu. Marekani ilimkabidhi Kamala Harris mwaka 2021 kazi ya kushughulikia vyanzo hivyo Guatemala, Honduras na El Salvador, kwa ahadi ya dola bilioni 4 katika miaka minne. Hata kwetu nimewasikia wasomi wakiirudia kwenye makongamano na vipindi vya redio kana kwamba ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Mantiki yake ni nyepesi: mtu huondoka kwa sababu ya umaskini, msaada hupunguza umaskini, kwa hiyo msaada utapunguza wanaoondoka.

Mimi nasema kauli hiyo si kweli. Na ingekuwa kosa la hesabu peke yake nisingepoteza wino. Imeuharibu msaada wenyewe, na imemfanya msafiri wa Kiafrika kuwa tishio ambalo wakubwa wanauziana.

Tuanze na nauli. Yeyote aliyekulia pwani anajua kwamba asiye na kitu hafiki mbali. Fukara hasa, yule ambaye mvua ikikosekana anauza mbuzi wa mwisho, haendi Ulaya. Akihama huhamia mji wa jirani akabebe mizigo sokoni, na vita vikimkuta huvuka mpaka wa karibu kwa miguu. Ndiyo maana wakimbizi walio wengi wa dunia hii wako katika nchi maskini na za kipato cha kati. Wako Uganda, wako kwenye kambi za Kakuma na Dadaab, wako Nyarugusu kule Kigoma. Safari ya mbali inataka pasipoti, viza na tiketi. Na kwa anayekwenda kwa njia za panya, inataka malipo ya dereva wa jangwani, ya mwenye chombo, ya askari kwenye kila kizuizi. Tena inataka mtu awe na habari: ajue lugha, awe na simu yenye intaneti, awe na binamu aliyetangulia wa kumwambia ashukie wapi na amtafute nani.

Mpe mtu huyo shule, zahanati, barabara na kipato kidogo cha ziada. Umempa maisha bora, na ni jambo jema. Umempa pia nauli, cheti, na jicho la kuona mbali.

Hili limepimwa. Mwaka 2019 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na Waafrika 1,970 kutoka nchi 39, waliofika Ulaya kwa njia zisizo rasmi, na ambao hawakuwa wakiomba hifadhi. Asilimia 58 kati yao walikuwa na kazi au walikuwa shuleni siku walipoondoka. Asilimia 93 walipatwa na hatari njiani. Walioulizwa kama wangebaki nyumbani lau wangezijua hatari hizo mapema, waliosema ndiyo walikuwa asilimia 2. Hao si watu waliosukumwa na njaa, wala si wajinga wasiojua bahari inaua. Walipima, wakaona kwamba nyumbani ipo kazi lakini haina mbele, wakaondoka.

Mchumi Michael Clemens ametumia miaka mingi kuonyesha jambo hilo hilo kwa takwimu za nchi nyingi. Nchi maskini inapoanza kupata nafuu, wanaoihama huongezeka, na huendelea kuongezeka mpaka wastani wa pato la mtu mmoja ukaribie dola 10,000 kwa mwaka, baada ya kuzingatia tofauti za bei kati ya nchi na nchi. Hapo ndipo hupungua. Mwanajiografia Wilbur Zelinsky alikuwa amekwisha kuueleza mwelekeo huo mwaka 1971. Sababu zake mtu hahitaji kuwa profesa kuzielewa. Watoto waliokuwa wakifa wachanga sasa wanakua, wanafika umri wa kazi kwa wingi kuliko nafasi zilizopo. Wamesoma kuliko wazazi wao, na elimu imewapa matumaini ambayo kijiji hakiwezi kuyabeba.

Sasa nchi yenye wastani wa dola 1,250 ikikua kwa asilimia 2 kwa kila kichwa kila mwaka, ambao kwa nchi nyingi zetu ni mwendo wa kushukuru, pato lake litaongezeka maradufu kila baada ya miaka 35. Itafika dola 2,500, halafu 5,000, halafu 10,000. Ni miaka 105. Waziri wa Ulaya anayewaambia wapigakura wake kwamba msaada wa mwaka huu utapunguza maboti ya kiangazi kijacho anazungumzia jambo ambalo yeye, wapigakura wake na wajukuu zao hawatakuwepo kuliona.

Mfano ninaoujua kwa karibu uko kusini yetu, katika bahari yetu hii hii. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Nzuani akaolewa Unguja. Alipotusimulia ujana wake, safari kati ya Mutsamudu kwao na bandari ya Malindi ya Unguja ilikuwa habari ya upepo: walikuja na kusi, wakarudi na kaskazi. Wangazija wa Zanzibar wamekuwa walimu, makadhi, mafundi na mabaharia tangu enzi za masultani. Sheikh Ahmed bin Sumeit, aliyekuwa kadhi mashuhuri Unguja, alizaliwa Ngazija mwaka 1861. Hakuna aliyeuita mwendo huo janga.

Visiwa vyao vya Komoro ni vinne: Ngazija, Nzuani, Mwali na Mayotte, ambayo wenyewe huiita Maore. Katika kura ya Desemba 1974 visiwa vitatu vilichagua uhuru, na Mayotte ikachagua kubaki na Ufaransa. Komoro ikajitangazia uhuru Julai 1975 ikiwa na dai la kisiwa cha nne ambalo haijaliacha hadi leo. Hata hivyo kwa miaka ishirini baadaye watu waliendelea kwenda na kurudi. Kutoka Nzuani hadi Mayotte ni kama kilomita 70. Mama alikwenda kumwona dada yake, mvuvi akaenda kuuza, kijana akafanya kibarua msimu mmoja kisha akarudi kulima vanila na mkarafuu. Lugha moja kwa tofauti ya lafudhi, dini moja, na aghalabu babu mmoja.

Januari 1995 serikali ya Édouard Balladur ikaweka sharti la viza. Tangu hapo watu wa Nzuani wanavuka usiku, kwa maboti madogo ya uvuvi yanayoitwa kwasakwasa, yakiwa yamejazwa kupita uwezo wake. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2012 ilikadiria kwamba kati ya watu 7,000 na 10,000 walikuwa wamekufa katika mkondo huo tangu viza iwekwe. Nataka msomaji asimame hapo kidogo. Visiwa vyote vitatu vya Komoro havina hata watu milioni moja.

Viza ilikusudiwa kuzuia watu wasiingie. Iliwazuia wasitoke. Aliyekwisha kuhatarisha roho yake kuvuka mara moja hakuthubutu kurudi Nzuani kwa mazishi wala kwa Idi, maana kurudi tena Mayotte kungekuwa ni bahati nasibu ya kifo. Akabaki, akamwita mkewe, akajenga kibanda cha mabati mlimani. Takwimu za Ufaransa za mwaka 2017 zilionyesha kwamba karibu nusu ya wakazi wa Mayotte walikuwa raia wa kigeni, na takriban wote ni Wakomoro.

Ndipo ukaja msaada. Mwaka 2018 Komoro ilikataa kuwapokea waliofukuzwa Mayotte, Ufaransa ikajibu kwa kusimamisha viza kwa Wakomoro, na mgogoro ukamalizwa Paris mwezi Julai 2019 kwa mkataba. Ufaransa ingetoa euro milioni 150 kwa miaka mitatu, kwa afya, elimu na ajira za vijana. Komoro nayo ingezuia maboti yasiondoke na ingewapokea wanaorudishwa. Kwa nchi ndogo kama ile, hizo ni fedha nyingi. Kama nadharia ya wasaidiwe huko huko ingekuwa na mahali pa kushinda, ilikuwa pale. Mfadhili ni mmoja, mpokeaji ni mmoja, njia ni moja, umbali ni kilomita 70, na fedha zimefungwa moja kwa moja kwenye lengo.

Miaka minne baadaye, Aprili 2023, Ufaransa ilipeleka Mayotte polisi na askari wa ziada kwa operesheni iliyoitwa Wuambushu, kubomoa mitaa ya mabanda na kuwasomba waliokuwamo. Komoro, ile ile iliyopokea fedha, ikaizuia meli ya waliofukuzwa isitie nanga. Waliokuwa wakifukuzwa kisiwani humo walibaki maelfu kwa maelfu kila mwaka, kabla ya mkataba na baada yake. Wengi wao hurudi. Mkazi wa Nzuani anaposhushwa Mutsamudu akiwa na watoto aliowaacha shuleni Mamoudzou, Mayotte, hakuna mradi wa kilimo cha mbogamboga unaoweza kumshawishi asitafute boti.

Tofauti ya kipato kati ya Mayotte na Komoro ni zaidi ya mara tano, ilhali Mayotte yenyewe ndiyo maskini kuliko mikoa yote ya Ufaransa, robo tatu ya watu wake wakiishi chini ya mstari wa umaskini wa Kifaransa. Euro milioni 150 zitaziba lini pengo hilo? Na hata likizibwa nusu, yatabaki yale yasiyopimwa kwa pato: ndugu wako kule, hospitali iko kule, maisha yamekwisha kuhamia kule.

Hapa lazima nikubali jambo moja, tena kwa moyo mweupe. Wanawake wengi wanaovuka ni wajawazito. Mwaka 2022 walizaliwa Mayotte zaidi ya watoto 10,000, idadi kubwa mno kwa kisiwa kile, na wengi wa mama zao walikuwa Wakomoro. Ni kweli kwamba wodi nzuri ya wazazi Nzuani, yenye damu ya akiba, umeme usiokatika na daktari wa upasuaji aliyelipwa mshahara wake, ingewaokoa baadhi ya mama hao wasipande boti wakiwa na uchungu. Jengeni wodi hiyo. Jengeni kesho. Lakini ijengwe kwa sababu mama hapaswi kufa akijifungua, na ipimwe kwa mama waliopona. Ikipimwa kwa idadi ya maboti, mwaka maboti yatakapoongezeka mfadhili atasema wodi imeshindwa, naye ataihamishia fedha kwenye boti la doria.

Wala hili si hofu ya kubuni. Ndivyo ilivyokwenda Niger.

Novemba 2015 wakuu wa Ulaya na Afrika walikutana Valletta, Malta, na Umoja wa Ulaya ukaanzisha Mfuko wa Dharura kwa Afrika, ambao jina lake refu lilitaja wazi kushughulikia vyanzo vya uhamiaji usio rasmi. Ulianza na euro bilioni 1.8, ukaishia karibu bilioni 5. Niger, moja ya nchi maskini kabisa duniani, ikawa mshirika mkuu, kwa sababu wasafiri wanaokwenda Libya hupitia mji wake wa Agadez. Mwezi Mei mwaka huo Niger ilikuwa imepitisha sheria namba 36 dhidi ya usafirishaji wa wahamiaji, na kuanzia 2016 ikatekelezwa kwa nguvu. Madereva wakafungwa, magari aina ya Hilux yakakamatwa, wenye nyumba za wageni wakashtakiwa.

Agadez ni mji wa misafara tangu karne nyingi. Kusafirisha watu kulikuwa kazi halali ya mchana, madereva wakiondoka kwa msafara mmoja kila wiki chini ya ulinzi wa jeshi. Abiria wengi walikuwa raia wa nchi za Afrika Magharibi ambao tangu itifaki ya ECOWAS ya mwaka 1979 wana haki ya kutembea ndani ya eneo lao. Sheria ikawageuza watuhumiwa wakiwa bado wako katika nchi ambayo wana haki ya kuwamo. Waliopoteza riziki waliahidiwa mitaji ya biashara mbadala. Walioipata walikuwa wachache, na mtaji wenyewe haukufikia kipato walichokuwa nacho. Madereva waliobaki wakaacha njia zenye visima. Gari likiharibika huko, au dereva akiona vumbi la doria akawatelekeza abiria, hakuna anayepita kuwaokota.

Brussels ikatangaza mafanikio, kwa kuwa idadi ya waliohesabiwa kwenye vituo vya njia kuu ilishuka. Wasafiri walikuwa wamehamia njia zisizo na vituo. Novemba 2023 utawala wa kijeshi uliotwaa madaraka Niamey uliifuta sheria ile, na mji ukashangilia. Mimi si mtetezi wa mapinduzi, lakini naelewa kwa nini watu walishangilia.

Mahakama ya Wakaguzi ya Ulaya, chombo cha Umoja wenyewe, ilieleza mwaka 2024 kwamba fedha za mfuko ule zilitawanywa bila shabaha. Sehemu yake ilikwenda kwa walinzi wa pwani wa Libya, wanaowarudisha watu kwenye mahabusu ambako mateso yameandikwa na Umoja wa Mataifa mara nyingi. Hizo nazo zilitoka katika mfuko wa kutibu vyanzo. Kauli inayoanza na huruma, wasaidiwe huko huko kwao, hufika haraka kwenye wazuiwe huko huko kwao, na daftari la mahesabu halibadilishi jina la safu.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 asilimia 28 ya msaada wake wa nje, pauni bilioni 4.3, ilitumika ndani ya Uingereza yenyewe kuwahifadhi wakimbizi na waomba hifadhi, wengi wao hotelini. Kanuni za nchi wahisani zinaruhusu gharama za mwaka wa kwanza zihesabiwe hivyo. Kwa nchi wahisani zote kwa pamoja, mwaka huo huo, dola bilioni 31 zilihesabiwa kuwa msaada kwa nchi maskini bila kutoka nje ya mipaka ya matajiri. Waliokwisha kufika wanastahili paa, sina ubishi. Ubishi wangu ni kwamba paa la Birmingham limelipiwa kwa bajeti ya zahanati ya Malawi.

Historia nayo iko upande wangu. Ulaya iliwatoa watu wake kwa mamilioni wakati ikijenga viwanda na reli. Kati ya 1880 na 1915 waliondoka Italia kama milioni 13, na hawakuwa wale wa miaka ya dhiki kuu ya nyuma. Meli za mvuke na ujira wa fedha taslimu ndivyo vilivyowawezesha. Korea Kusini ilipokea misaada mikubwa mno ya Marekani baada ya vita vya 1950 hadi 1953. Kuanzia 1963 ikawa inapeleka wachimba migodi na wauguzi Ujerumani Magharibi, na miaka ya 1980, uchumi wake ukipaa, Wakorea walikuwa wakihamia Marekani kwa maelfu kila mwaka. Walipungua baadaye, nchi ilipokwisha kuwa tajiri.

Mexico ndiyo somo lililo wazi kuliko yote. Rais Carlos Salinas aliuza mkataba wa biashara huru na Marekani na Kanada kwa hoja kwamba nchi yake inataka kusafirisha bidhaa, si watu. Mkataba ukaanza Januari 1994. Wamexico waliokuwa wakiishi Marekani walikuwa milioni 4.3 mwaka 1990, na mwaka 2000 wakafika milioni 9.2. Mashamba madogo ya mahindi yalishindwa kushindana, vijana wakapata nauli kwenye viwanda vya mpakani, na mpaka uliokuwa ukibanwa mwaka hadi mwaka ukawafanya wale waliozoea kurudi kila msimu wabaki moja kwa moja, kama Mayotte. Wimbi lilipokuja kutulia baada ya 2007, sababu mojawapo kubwa ilikuwa uzazi. Mwanamke wa Mexico aliyekuwa akizaa karibu watoto saba mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikuwa sasa anazaa wawili na ushei. Vijana wa kuondoka walipungua. Hakuna mfadhili anayeweza kudai sifa hiyo.

Nitajibiwa kwamba wapo watafiti wenye maoni tofauti, na ni kweli. Mauro Lanati na Rainer Thiele walichapisha mwaka 2018 utafiti uliokuta kwamba nchi zinazopata msaada zaidi hutoa wahamiaji pungufu kidogo, pengine kwa kuwa huduma za umma zikiboreka watu huridhika zaidi na serikali zao. Nauheshimu utafiti huo, na moyo wangu ungependa matokeo yake yawe makubwa zaidi. Lakini hata ukiukubali wote, kinachopungua ni kidogo, na kinatokana na huduma nzuri kwa raia: maji, shule, mahakama zisizo na rushwa. Vitu hivyo hujengwa kwa miongo na wenyeji wenyewe. Havipatikani kwa mkataba wa miaka mitatu wenye kipengele cha kupokea ndege za waliofukuzwa.

Nina ugomvi pia na marafiki wa msaada. Marekani ilipolifunga shirika lake la USAID Julai 2025, na kabla ya hapo Ulaya ilipoanza kupunguza bajeti, watetezi wengi, watu wenye nia njema kabisa, walikimbilia hoja moja: mkikata, watakuja kwenu. Najua kwa nini waliisema. Waliamini kwamba dawa za Ukimwi na chanjo za watoto haziwezi kujitetea zenyewe mbele ya mpigakura aliyechoka, basi wakaazima hofu yake. Lakini hofu ukiiazima inakudai riba. Muammar Gaddafi aliitumia hoja hiyo hiyo Rome mwaka 2010, alipotaka euro bilioni 5 kwa mwaka na kuionya Ulaya kwamba bila fedha hizo itageuka kuwa nyeusi. Alikuwa akiuza miili ya watu wetu kama shehena ya kutisha. Anayesema tupeni fedha tusije mlangoni kwenu amekubali kwanza kwamba kufika kwetu mlangoni ni balaa.

Viongozi wetu nao wameujua mchezo. Tunisia ilitia saini na Umoja wa Ulaya Julai 2023, miezi mitano tu baada ya Rais wake kuwashambulia kwa maneno wahamiaji weusi, kauli iliyofuatiwa na vipigo na kufukuzwa nyumba. Sehemu ya mpango ule ilikuwa euro milioni 105 za kudhibiti uhamiaji. Mauritania ikafuata Machi 2024 kwa kifurushi cha euro milioni 210. Serikali ikishagundua kwamba wahamiaji wanaopita kwake wana bei, haitakuwa na haraka ya kuwaona kama wageni wanaostahili maji.

Na katika mabishano yote haya, mfadhili mkubwa kuliko wote hatajwi. Mwaka 2023 msaada rasmi wa nchi tajiri ulikuwa kama dola bilioni 223. Mwaka huo huo wahamiaji walituma katika nchi maskini na za kipato cha kati dola bilioni 656, kwa makadirio ya Benki ya Dunia. Kenya peke yake mwaka 2024 ilipokea kutoka kwa watu wake walio nje dola zipatazo bilioni 4.9, kuliko inachopata kwa chai. Fedha hizo hazipiti kwa mshauri mwelekezi wala hazinunui gari la mradi. Zinatua kwenye simu ya mama, zinalipa ada muhula unapoanza, zinaezeka nyumba.

Nchini Komoro, kiasi cha moja ya tano ya pato lote la nchi hutoka kwa walioko nje, wengi wao Marseille na miji mingine ya Ufaransa. Wakirudi likizo, wenyeji huwaita kwa jina la Kifaransa, je viens, yaani nakuja. Wanarudi na dhahabu kwa ajili ya anda, ile ndoa kuu ya Ngazija ambayo bila ya kuifanya mwanamume hahesabiwi mtu mzima kwenye baraza la mji, hata awe na mvi. Mtaalamu wa mipango akisoma takwimu za ajira hataiona anda, lakini kijana wa Ngazija anaiona tangu akiwa chuoni anasoma Kurani. Anaondoka ili arudi akiwa na heshima, na msaada wowote utakaomwinua kidogo utamsogeza karibu na tiketi hiyo. Wahenga walisema mkaa bure si sawa na mtembea bure, na watu wa bahari hii wameishi kwa neno hilo kabla hakujawa na wizara ya ushirikiano wa kimataifa popote duniani.

Ndiyo maana nasema sharti la uhamiaji lifutwe kwenye mikataba ya misaada, lote, na serikali zetu ziache kulitia saini. Chanjo itolewe kwa sababu surua inaua. Umeme uvutwe kwa sababu mtoto anasoma gizani. Na mazungumzo ya nani aingie wapi, kwa kazi gani, kwa muda gani na kwa haki zipi, yafanyike peke yake mezani, kama Kenya na Ujerumani walivyojaribu kwa mkataba wao wa wafanyakazi wa Septemba 2024, pamoja na upungufu wake.

Kwa Nzuani, jambo la kwanza ambalo ningeliomba halina gharama ya euro hata milioni moja. Ni viza ya mwaka mzima ya kwenda na kurudi Mayotte, inayotolewa Mutsamudu kwenyewe, kwa bei ambayo mvuvi anaimudu, ili anayevuka apande meli ya mchana akiwa na jina lake kwenye orodha ya abiria, na mazishi yakitokea aweze kurudi nyumbani.